Mama Shindilia na Udongo wa Ghala

Mwanamke huyu jina analo, na kwenye kitambulisho chake limeandikwa vizuri kabisa, lakini ukienda mtaani kwao ukaliuliza, watu watakuambia hawamjui mtu huyo. Uliza Mama Shindilia, hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha mlango. Jina alipewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, siku walipokuwa wakihamisha vyombo. Mama Shindilia alichukua nguo za masanduku matatu akazitia kwenye sanduku moja, akalikalia, akabana kufuli, na likafunga. Shemeji akasema huyu ukimwachia mji mzima atauingiza kwenye kapu na bado ataomba kitu cha kuongeza. Utani wa shemeji haukatazwi, na jina likanata.

Wala hakuonewa. Kushindilia ndiyo iliyokuwa kazi yake. Miaka kumi na tisa alijaza mifuko katika ghala la dawa za kuua wadudu lililokuwa mwisho wa mtaa, nyuma ya nyumba kumi na mbili zilizojengwa mstari mmoja. Dawa ilikuja ya unga ndani ya mapipa, wao wakaipima na kuijaza kwenye mifuko ya kuuzia wakulima. Msimamizi wake wa kwanza, mzee ambaye hata ungemtekenya asingecheka, alimfundisha kuugonga mfuko sakafuni mara tatu, kushindilia kwa mchi wa mbao, kuongeza dawa, kugonga tena. Mfuko uliolegea, alisema, ni aibu ya aliyeujaza. Mama Shindilia aliyashika maneno hayo kama amri. Mfuko wake ulisimama wenyewe bila kuegemezwa popote, na kwa miaka yote hiyo hakuna mnunuzi aliyerudisha hata mmoja.

Kisha ghala likafungwa. Wenye mali wakaondoka na meza zao na viti vyao, mapipa wakayaacha. Mapipa yakaoza, paa likatoboka, mvua ikaingia kama iliyoalikwa. Dawa za zamani zile ni za mafuta mafuta, maji hayaziondoi na miaka haizichoshi. Zilishuka ardhini zikajikalia humo, zikatambaa polepole hadi kwenye nyua za zile nyumba kumi na mbili. Siku moja watu wa afya wakaja na vichupa vyao, wakachimba hapa na pale, wakaondoka. Waliporudi waliagiza mtu asipande kitu uani, asifuge kuku, wala asimwache mtoto achezee udongo. Wenye mali hakuna aliyejua walipo. Ndivyo ilivyo duniani, anayechafua huwa na haraka.

Mama Shindilia aliishi nyumba ya saba pamoja na mkwe wake, mama wa marehemu mumewe. Mumewe alikufa kwa ajali ya barabarani, na watu walitazamia kwamba baada ya matanga atafungasha virago arudi kwao. Hakurudi. Alisema mama huyu amebaki na mimi, na mimi nimebaki naye, tutabanana humu humu. Mkwe wake alikuwa na miaka themanini na ushee, mwembamba, mwenye ulimi uliokata pande zote mbili. Nyumba ile ilijengwa na mume wa mkwe huyo kwa mikono yake, tofali moja baada ya jingine, na bibi huyo ndiye aliyekuwa akiteka maji ya kufyatulia tofali hizo.

Baraza la mji lilipotangaza kwamba huenda eneo lote likafunikwa zege na watu wa nyumba zote kumi na mbili wakahamishwa, mkwe aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi nitatoka humu nikiwa nimebebwa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Baraza lilikuwa limebakiza njia moja kabla ya zege. Liliwapa nafasi watu wa chuo fulani walioleta mashine yao, wakaisimika ndani ya ua wa ghala chini ya paa jipya la mabati. Waliajiri watu wa mtaani. Shemeji, aliyekuwa fundi wa pampu maisha yake yote, alipewa pampu. Mama Shindilia alipewa kazi ya kujaza, kwa sababu alizijua dawa zile, alijua kuvaa barakoa na glovu bila kusukumwa, na kwa sababu alipoulizwa ana uzoefu gani alijibu, "Nimejaza mifuko mingi kuliko siku nilizoishi."

Jioni ya kwanza mkwe wake alimweka kitako.

"Hebu nieleze," alisema. "Hilo dude linafanya nini?"

"Linaosha udongo, Mama."

"Kwa maji?"

"Kwa hewa."

Mkwe akamtazama kama anayetafuta mahali homa ilipoanzia.

"Ile hewa ya mapovu ya soda, Mama. Ni hiyo hiyo, hewa ya ukaa. Wanaibana, wanaibana mpaka presha inafika mara mia tatu ya hii tunayovuta, halafu wanaipasha joto kidogo, kama maji ya kuoga yaliyozidi moto. Ikifika hapo si hewa tena, na wala si maji. Inapenya kila kitundu kama hewa, lakini inayeyusha mafuta kama petroli. Inapita kwenye udongo, inabeba ile dawa, inatoka nayo. Kwenye mtungi wa pili wanailegezea presha. Ikishalegea haina nguvu ya kubeba kitu, inaiangusha dawa chini. Inabaki kama nta ya kahawia. Hewa yenyewe inarudi kuzunguka tena."

"Na udongo?"

"Unabaki udongo. Hauungui. Mhandisi anasema ukirudishwa ardhini utaota kitu."

"Na hiyo nta?"

"Inafungwa, inapelekwa kuchomwa kwenye tanuri maalumu, mbali."

Mkwe akafikiri. "Basi wewe umekuwa dobi," akasema. "Dobi wa udongo. Mimi sina neno, ila mkishindwa msije mkaniambia nifungashe."

Masharti ya baraza yalikuwa mepesi kuyasema. Kabla ya mwisho wa msimu wa kiangazi, mikupuo mitano ya udongo, yaani mijazo mitano ya mashine, itoke safi mfululizo, ipimwe na maabara ya serikali. Ikitoka, mashine inabaki, inamaliza ghala kisha inaingia nyuani, nyumba baada ya nyumba. Isipotoka, zege na malori ya kuhamisha watu.

Kazi ikaanza. Wachimbaji wawili walileta udongo, ukaanikwa kivulini hadi ukabaki na unyevu kidogo tu, ukachekechwa mawe na mizizi. Kisha Mama Shindilia akaujaza kwenye kapu la chuma lililomfika kifuani, lenye chujio chini na juu. Winchi ililinyanyua kapu na kulishusha ndani ya mtungi mkuu, mtungi wa chuma kinene kama shina la mti, kifuniko kikafungwa kwa bolti kumi na mbili, shemeji akawasha pampu, na kwa saa nne hewa ikapita. Mhandisi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye miwani aliyoipandisha puani kila mara, alifika saa mbili asubuhi. Mama Shindilia alifika saa kumi na mbili. Mhandisi akifika, kapu limeshajaa, limesawazishwa juu kama sakafu iliyopigwa lipu.

Karatasi ya maelekezo ilisema jaza hadi kwenye mstari. Yeye alijaza hadi kwenye mstari. Haikusema kwamba usilete mchi wako kutoka nyumbani.

Wiki ya kwanza mhandisi aliangalia mizani akapandisha miwani. "Mama, sisi tulikadiria kilo mia na ishirini kwa mkupuo. Hapa kuna mia na sitini."

"Mimi sijazi hewa," alijibu Mama Shindilia.

Mhandisi akacheka, akasema kwa mwendo huo watamaliza ghala mapema kuliko walivyopanga. Sifa ile ilimkaa Mama Shindilia moyoni. Alitembea nayo hadi nyumbani, akamsimulia mkwe wake mara mbili, na ya pili aliongeza chumvi kidogo.

Majibu ya maabara yakaja, machafu. Yakaja mengine, machafu. Kisha mkupuo mmoja ukatoka safi kama udongo wa msituni, wote wakashikana mikono, na kesho yake jibu likawa chafu tena. Katika mikupuo kumi na minne, mitatu tu ndiyo iliyofaulu, nayo ilikuja mmoja mmoja bila kufuatana. Mhandisi alikonda. Alibadilisha joto, alibadilisha muda, aliongeza tone la spiriti ndani ya hewa ili iyeyushe zaidi. Hakuna kilichobadilika. Mwishowe akabaki na mshukiwa mmoja, nayo ni pampu. Alisema pengine presha inashuka katikati ya kazi na geji haisemi kweli.

Shemeji aliifungua pampu, akaikagua, akaifunga. Akaifungua tena. Alibadilisha mipira ya kuzuia mvujo, akalala chini akitega sikio.

"Pampu hii haina ugonjwa," alisema.

"Basi udongo unabaki mchafu kwa nini?" aliuliza mhandisi, na shemeji akaanza kukusanya spana zake, maana aliyeulizwa pampu hawezi kujibu udongo.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili na nusu. Mhandisi aliwaambia kwamba Ijumaa atapeleka ripoti kwa baraza, na ndani yake itabidi aandike kwamba pampu haifai, inahitajika nyingine kutoka ng'ambo, na hiyo haifiki chini ya miezi saba. Hakuna aliyeuliza kama baraza litasubiri miezi saba.

Jumatano mchana Mama Shindilia aliingia kwenye kontena walilolifanya ofisi, kupeleka daftari la uzito. Mhandisi alikuwa nje akiongea na simu. Ukutani palikuwa na karatasi kubwa yenye tarehe za mikupuo yote, na kila tarehe ilibandikwa alama, nyekundu kwa iliyofeli, kijani kwa iliyofaulu. Alikuwa ameiona karatasi ile kila siku, lakini siku hiyo macho yake yalikaa kwenye kijani. Jumanne ya wiki ya pili. Hiyo ilikuwa siku aliyompeleka mkwe wake kupimwa macho. Alhamisi ya wiki ile ile. Siku ya kwenda kuchukua miwani. Jumatatu ya wiki ya tatu, aling'olewa jino, akashinda nyumbani na shavu kama amebania chungwa.

Siku tatu ambazo hakuwepo kazini. Kapu lilijazwa na wale wachimbaji wawili, ambao yeye mwenyewe aliwasema vibaya kwa kumwaga udongo kama wanalisha ng'ombe.

Akasoma upya, labda amekosea siku. Hakukosea. Akatoka bila kuacha daftari, akaenda nyuma ambako mkupuo wa asubuhi ulikuwa umetolewa. Siku zote bonge la udongo lilitoka ndani ya kapu likiwa zima, gumu, limesimama, na yeye alilitazama kwa fahari kabla ya kulisukumia kwenye lundo la kupoa. Safari hii alichukua sururu akalipasua katikati.

Upande mmoja, kutoka juu hadi chini, palikuwa na mstari mweupe kama majivu, mpana kiasi cha vidole viwili. Hapo udongo ulikuwa mkavu na mwepesi. Penginepo pote ulikuwa mweusi vile vile kama ulivyoingia. Aliufinya, glovu ikang'aa mafuta. Hewa ile ya ajabu, yenye kupenya kila kitundu, ilikuta hakuna kitundu. Ikatafuta ufa mmoja, ikapita hapo kwa saa nne ikiosha mahali pale pale, na kwingine haikugusa. Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye ndiye aliyeibania njia kwa mchi wake, kwa moyo mweupe, kila siku alfajiri, akisifiwa.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ukweli usemwe, wazo la kwanza halikuwa zuri. Kesho atajaza kwa kulegeza, hatamwambia mtu, na majibu yatakuja safi yenyewe, mambo yaishe kama yalivyoanza. Nani atajua? Alilizungusha wazo hilo kichwani, likawa tamu. Shida ni kwamba majibu ya maabara yalichukua siku tatu, na ripoti ilikuwa inaondoka keshokutwa.

Shemeji akaja na kikombe cha chai, akaketi karibu yake. Kwa kawaida asingemaliza kuketi kabla hajamtania. Siku hiyo alikunywa chai yake akitazama pampu.

"Unajua, shemeji," alisema baadaye, "labda kweli. Labda mimi ndiyo nimezeeka. Zamani pampu ikiumwa nilikuwa naisikia tangu getini. Siku hizi natega sikio, nasikia nzima tu. Inawezekana ni sikio lenyewe."

Mama Shindilia hakuweza kumtazama. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu alioubeba shemeji haukuwa wa shemeji, na yeye aliuona ulivyokuwa ukimshusha mabega. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Akainuka, akapiga moyo konde, akaenda kumwita mhandisi. Akamrudisha hadi kwenye bonge lililopasuka.

"Mhandisi, pampu muiache. Pampu mbovu ni mimi."

Akamwonyesha mstari mweupe. Akamweleza siku tatu za kijani alikuwa wapi. Akaenda akauleta mchi, akauweka mbele yake kama mtu anayekabidhi silaha. Alipomaliza, alisubiri kuambiwa avue glovu aende nyumbani. Hilo alikuwa amelikubali tangu alipoinuka kwenye ndoo.

Mhandisi alichuchumaa. Alipitisha kidole juu ya mstari ule, juu hadi chini, akarudia.

"Kilo mia na sitini," alisema mwishowe. "Niliona mwenyewe kwenye mizani. Ningejiuliza swali moja tu, ningejua. Badala yake nilikusifu."

"Ulinisifu kweli," alisema Mama Shindilia.

"Kosa ni letu wote, Mama. Ila wewe ndiye uliyeliona."

Shemeji hakuwa mwepesi hivyo. Alisikiliza akiwa amesimama, akatazama bonge, akamtazama shemeji yake. "Wiki nzima," alisema. "Wiki nzima naifungua pampu na kuifunga kama nepi ya mtoto. Sina usingizi. Nimefika mahali pa kwenda kupimwa masikio. Kumbe ni wewe na mchi wako." Akageuka akaondoka, na kwa siku mbili hakumsemesha neno zaidi ya salamu. Mama Shindilia hakumlaumu. Safari hii yeye ndiye aliyempelekea chai, naye shemeji alipokea kikombe bila kumwangalia.

Ripoti ya Ijumaa ilikwenda ikiwa na maneno mengine, na baraza likaongeza siku kumi, kwa kunung'unika.

Watu hudhani kukiri ndiyo kazi. Kukiri kulichukua robo saa. Mikono ndiyo iliyokuwa kazi. Mikono ya miaka kumi na tisa haisikii ushauri. Mhandisi alimwelekeza achanganye udongo na kokoto ndogo ngumu ili ubaki na nafasi, aumimine kupitia chekeche, kidogo kidogo, bila kugusa. Mama Shindilia alimimina, na kabla hajajua, kiganja chake kilishatua juu ya udongo na kuukandamiza. Akaumwaga wote, akaanza upya. Mara ya pili alifika hadi kwenye mstari bila kugusa kitu, akashusha pumzi, kisha akalishika kapu kwa mikono miwili, akaliinamisha kidogo na kuligonga sakafuni mara tatu. Aliganda pale pale akiwa amelishika. Wachimbaji waligeuka upande wa pili ili asiwaone wanacheka. Walilipeleka kapu hilo hivyo hivyo, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, na jibu lake likaja nusu kwa nusu.

Siku ya tatu shemeji alivuta ndoo, akaketi mbele yake na kukunja mikono.

"Endelea," alisema. "Mimi nalinda. Mkono ukishuka tu, nausema."

"Unanilinda kama mwizi?"

"Mwizi ana nafuu, mwizi anaiba usiku. Wewe umetuibia mchana, tena kwa mchi." Ndipo Mama Shindilia alipojua kwamba amesamehewa, ikabidi ajifanye vumbi limemwingia jichoni.

Alijifunza kuzunguka kapu huku akimimina, asisimame mahali pamoja, ili pasijengeke kichuguu. Alijifunza kusawazisha kwa ubapa wa mbao ulioning'inizwa kwa kamba mbili, ambao hata angetaka usingeweza kukandamiza. Ubapa huo aliubuni mwenyewe na shemeji akautoboa matundu. Alijifunza kuutazama udongo uliolegea bila kuuonea haya. Hilo la mwisho lilimsumbua kuliko yote. Kila asubuhi kapu lilionekana machoni pake kama kazi ya mtu mvivu, na kila asubuhi alilikabidhi hivyo hivyo. Uzito ulishuka hadi kilo mia na kumi.

Jibu la kwanza likaja safi. Hakuna aliyeshangilia, walishaumwa na nyoka hapo nyuma. La pili safi. La tatu likachelewa siku nzima kwa sababu umeme ulikatika maabara, na mhandisi alitembea ndani ya kontena hadi shemeji akamwomba akae, anaichakaza sakafu. Safi. La nne, safi.

Siku zote hizo Mama Shindilia alirudi nyumbani akiwa amechoka kwa namna ambayo kushindilia hakukuwahi kumchosha. Mkwe wake alikuwa amepunguza maneno. Hakuuliza tena habari za dude. Aliweka chakula mezani, akamtazama mkamwana wake usoni kwa ile miwani mipya, akanyamaza. Mama Shindilia aliona ni uzee, au ni hasira ya kungoja. Naye hakuwa na nguvu ya kuuliza.

Jibu la tano lilifika Alhamisi, saa sita na dakika chache mchana. Simu iliita, mhandisi akasikiliza, akasema "ndiyo" mara nne, akaomba warudie namba. Kisha akaiweka simu mezani taratibu na kuvua miwani. Alisema kiwango kilichobaki kwenye udongo ni kidogo kuliko kile ambacho sheria inaruhusu kwenye shamba la mboga. Safi. Tano mfululizo. Shemeji akaenda akaikumbatia pampu. Alisimama amelaza shavu juu ya chuma chenye moto na hakuna aliyemtania.

Mama Shindilia hakungoja winchi wala mkutano. Alivua ovaroli, akanawa hadi viwikoni kama sheria ya pale ilivyotaka, akaenda nyumbani nusu anatembea nusu anakimbia. Alimkuta mkwe wake jikoni akichambua maharage.

"Mama, limepita. La tano. Hatuhami."

Mkono wa mkwe ulibaki ndani ya ungo. Mama Shindilia alidhani hakusikia, akarudia kwa sauti zaidi, na ndipo alipoona kidevu cha mama yule kinatetemeka.

"Mimi nilishakubali," alisema mkwe.

"Umekubali nini, Mama?"

"Kuhama. Wiki tatu zilizopita, ulipokuwa kazini, alipita karani wa baraza na orodha ya wanaokubali kuondoka. Nikatia dole gumba." Alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Nilikuona unavyorudi. Kila siku umekunja uso, hata kula huli. Nikasema mwanangu huyu anabebeshwa nyumba kichwani kwa sababu ya maneno yangu. Ati nitatoka nikiwa nimebebwa. Mdomo tu. Nikaona bora niitoe nyumba, nikutue mzigo. Halafu nikaogopa kukuambia, nikasema akijua nimekubali naye atakata tamaa."

Mama Shindilia aliketi sakafuni. Wiki tatu zilizopita. Ndiyo wiki aliyokaa juu ya ndoo akitafuta namna ya kuficha. Ndani ya nyumba moja, kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake jambo lake, mmoja kwa aibu, mwingine kwa nia ya kupunguza mzigo. Alitaka kucheka, akalia. Mkwe wake, ambaye hakuonekana akilia hata siku ya kumzika mwanawe, alilia pia, bila haya, mpaka maharage yakachanganyika upya na taka zake.

"Sasa lile dole," alisema mkwe alipotulia. "Linafutika?"

Kesho yake asubuhi Mama Shindilia aliomba ruhusa ya saa mbili, wakaenda wote wawili, polepole, mkono kwa mkono, hadi ofisi za baraza. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alilitafuta jina, akalipata, akapiga mstari juu yake. Kisha akasema kuna nafasi ya kuandika sababu ya kujitoa kwenye orodha, na haiwezi kuachwa wazi.

Mkwe alisogeza kiti mbele. "Andika kwamba nipo nyumbani," alisema.

Karani akaandika hivyo hivyo.